Vitatuzi vya Berkeley na vya Palo Alto

Berkeley na Palo Alto ni miji ya ghuba moja huko California, lakini wahandisi wake walilijibu kila mmoja kivyake swali lile lile: programu ikikwama, aliyeiandika aonyeshwe nini? Berkeley, walikotengeneza kitatuzi cha dbx kwa ajili ya Unix, walisema aonyeshwe mstari wa msimbo alioandika. Palo Alto, kwenye maabara ya Xerox PARC ilikozaliwa lugha ya programu ya Smalltalk, walisema aonyeshwe mstari, aurekebishe hapo hapo, kisha programu iendelee.

Mzizi wa tofauti hii ni mahali msimbo unapobaki. Kompaila ya C ikishamaliza kazi, kinachoendeshwa ni amri za prosesa tu. Msimbo uko pembeni, kwenye faili. Kitatuzi kinahitaji ramani ya kuurudia, na kompaila huichora ikipewa agizo la -g: anwani hii ya kumbukumbu ni mstari wa 42, rejista ile imeshika kigeu kiitwacho jumla. Richard Stallman alipoandika kitatuzi cha gdb mwaka 1986, kwa mfano wa dbx, alirithi utaratibu huo huo. Inachekesha kidogo, maana yeye mwenyewe alikomaa kikazi kwenye mashine za Lisp za MIT, zilizokaribiana zaidi na fikra za Palo Alto.

Chukua kompyuta ya x86 na uweke kituo, yaani mahali programu isimame, kwenye mstari wa 42. gdb inasoma baiti ya kwanza ya amri ya mstari huo, inaihifadhi, na mahali pake inaandika 0xCC. Prosesa ikifika hapo inasimama, mfumo endeshi unaiarifu gdb, nayo inarudisha baiti ya awali na kukuonyesha msimbo kana kwamba hakuna kilichoguswa. Ufundi safi, ila ni maigizo. Jenga programu hiyo hiyo kwa -O2, agizo la kuiambia kompaila iuboreshe msimbo, uone pazia linavyodondoka: mshale unatoka mstari wa 42, unarudi wa 39, unaruka tena mbele, ukiuliza thamani ya jumla unajibiwa kuwa imeondolewa. Kompaila iliona haina kazi nayo.

Katika Smalltalk, kihariri, kompaila, kitatuzi na programu yenyewe vyote vinakaa kwenye kumbukumbu moja. Kitu kikipelekewa ujumbe kisioujua, dirisha linafunguka na rundo zima la miito likiwa bado hai. Unaandika metodi iliyokosekana, unabonyeza kuendelea, basi. Wapo wanaojenga programu karibu yote wakiwa ndani ya kitatuzi. Common Lisp ni jirani yake: kosa likitokea, rundo la miito halibomolewi mpaka uamuzi ufanyike. Mei 1999 programu ya Remote Agent, iliyoandikwa kwa Lisp, ilikwama ndani ya chombo cha NASA cha Deep Space 1, mamilioni ya kilomita kutoka duniani, na wahandisi wakaichunguza ikiwa huko huko angani hadi wakaipata hitilafu.

Halafu kuna wasiopenda kitatuzi kabisa. Linus Torvalds, muasisi wa kerneli ya Linux, alipinga kwa miaka mingi kitatuzi kuingizwa ndani yake, akiona kwamba anayekikosa hulazimika kuufikiria msimbo kwa kina; kitatuzi cha kerneli, kgdb, kilikubaliwa mwaka 2008 tu. Naona shaka yake ina maana pale ambapo picha ya kitatuzi inaweza kukudanganya. Mbele ya Smalltalk hoja hiyo inalegea, ingawa huko nako kuna gharama: mfumo uliotiwa viraka ukiwa hai kwa miaka huwa haufanani na mwingine wowote, na kuujenga upya kutoka mwanzo ni shughuli.

Urithi wa Berkeley haukujaribu kuufuata wa Palo Alto. Umepitia njia nyingine. Kitatuzi cha rr, kilichoanzia Mozilla, hurekodi mwendo wote wa programu ili uchezwe upya vile vile kila mara. Ukikuta kigeu kimeharibika, unaweka ulinzi kwenye anwani yake na kuirudisha programu kinyumenyume hadi isimame yenyewe kwenye amri iliyokiharibu. Dirisha la Smalltalk, pamoja na uhai wake wote, hukuonyesha sasa tu.