Alama ya Kejeli ya John Wilkins

Mwaka wa 1668 kilitolewa London kitabu kikubwa cha John Wilkins, kasisi wa Kanisa la Uingereza na mmoja wa makatibu wa kwanza wa Royal Society, ambaye mwaka ule ule alifanywa Askofu wa Chester. Humo alieleza lugha aliyoibuni mwenyewe, pamoja na maandiko yake, ili wenye elimu wa mataifa yote wapate kuelewana. Kazi haikuwa nyepesi. Moto mkubwa wa London wa mwaka wa 1666 uliteketeza sehemu kubwa yake ilipokuwa ikipigwa chapa, ikambidi aitengeneze upya.

Wengi wakikitaja kitabu hicho husimulia jinsi alivyovipanga vitu vyote vya ulimwengu katika mafungu. Sisi twataka kutazama jambo dogo, yaani alama za kusomea. Herufi huchukua maneno, lakini hazichukui sauti ya msemaji. Alama ya kuuliza ilikuwapo tayari, na ya mshangao pia; bali kwa kejeli hapakuwa na kitu. Basi Wilkins akaipindua alama ya mshangao, kichwa chini, akaiweka iwe alama ya kejeli.

Haja yake ilikuwa ya kweli. Mama akimwambia mtoto aliyechelewa, “Leo umewahi,” mtoto hulijua kosa lake kwa sauti. Yaandike maneno hayo, nayo yawa sifa. Vivyo hivyo Eliya alipowahimiza manabii wa Baali wazidi kumwita mungu wao: tumelisikia somo hilo likisomwa kanisani kwa upole, kana kwamba nabii awapa shauri jema.

Walakini lugha ya Wilkins haikupata wasemaji, na alama yake ikabaki kitabuni. Miaka 86 baadaye, mwaka wa 1754, Akademia ya Kihispania iliagiza alama ya kuuliza iliyopinduliwa itiwe mwanzoni mwa maswali marefu, nayo yatumika hata leo. Kwa nini hii iliishi? Kwa sababu katika Kihispania swali na habari huweza kuwa na maneno yale yale, na msomaji hana budi kujua mapema aipandishe sauti wapi. Tena aulizaye ataka ajulikane kuwa auliza. Bali mwenye kejeli akiitia alama, huiondolea makali.

Kiswahili nacho ni hivyo: “Amekuja” ni habari, tena ni swali. Lakini wazee wetu walituachia “je”, ambayo ni alama ya mwanzo itamkwayo kwa kinywa. Kwa kejeli hatuna neno la namna hiyo. Kwa hiyo mwalimu amfundishe msomaji kulipitia somo kabla ya ibada, ajiulize nani asema, na nani, na kwa moyo gani. Asipofanya hivyo, washarika watasikia maneno ya nabii, wasisikie alichokusudia.