Kusikia na Kujibu: Redio katika Maisha ya Kila Siku ya Watu Wetu tangu 1951

Walioandika historia ya Kanisa katika nchi hii wametuachia mengi juu ya shule, hospitali na mitambo ya kupiga chapa. Juu ya redio wameandika kidogo, na hayo machache huhusu zaidi wale waliosema kuliko wale waliosikiliza. Hata hivyo, ni vigumu kutaja chombo kingine kilichoingia nyumbani mwa watu wetu kwa upesi kama huo na kubadili mazoea yao kwa kina kama hicho. Katika kurasa hizi tunakusudia kumwangalia msikilizaji. Swali tunalouliza si kwamba redio ilisema nini, bali kwamba yeye aliyeisikiliza alipewa nafasi gani ya kujibu. Tunaamini kwamba matunda ya redio, yaliyo mema na yaliyo machungu, yalitegemea jambo hilo kuliko wengi wetu tulivyodhani.

Kabla ya redio, habari ilikuwa na uso. Ilikuja na mpiga mbiu, au mjumbe wa mtemi, au mwinjilisti aliyetoka mkutanoni; na aliyeileta aliweza kuulizwa. Siku nayo iligawanywa na jua, na penye misheni iligawanywa pia na kengele. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, wengi wa watu wa Tanganyika hawakuisikia, kwa maana redio za wakati ule zilitumia valvu, zilikuwa nzito, zilikula umeme mwingi na bei yake ilimshinda mkulima. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walikuwa wametangulia kidogo: mwaka 1949 ilitolewa kwao redio ya betri kwa ajili ya Waafrika, ya mviringo, ambayo watu waliifananisha na sufuria, nayo iliuzwa kwa pauni 5. Lakini mageuzi yenyewe yaliletwa na transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kutiwa katika redio za kuuzwa madukani kuanzia mwaka 1954. Kifaa hicho kidogo kiliifanya redio iweze kubebwa mkononi na kuishi kwa betri chache. Katika miaka ya 1960, nchi ilipokwisha kujitawala, redio ya namna hiyo ilifika vijijini, ikifungwa nyuma ya baiskeli au ikirudi na kijana aliyetoka kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka heshima iliyopewa. Iliwekwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilipodhoofika zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Mwenye nyumba ndiye aliyeiwasha na kuizima, na tusisahau kwamba mara nyingi mama na binti walisikiliza kutoka jikoni, kwa nusu sikio, kile kilichochaguliwa na baba. Ngoma zilipolia kutangulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mazungumzo yalikatika. Jirani asiye na redio alikuja na kigoda chake. Hivyo saa, ambayo zamani ilikuwa ya kengele na ya jua, ikawa ya taifa: mvuvi wa Kilwa na mfugaji wa Monduli walinyamaza kwa dakika zile zile kusikia maneno yale yale kwa Kiswahili. Wataalamu wa lugha husifu shule kwa kueneza Kiswahili, na wana haki. Lakini bibi ambaye hakukanyaga darasani alijifunza Kiswahili chake sanifu kutoka redioni.

Katika yote yaliyotangazwa, yatupasa kutua kwanza juu ya matangazo ya vifo. Sisi wachungaji tunayafahamu kwa njia ya pekee. Jina la marehemu lilisomwa, kisha likafuata jina la aliyetoa habari, kisha orodha ndefu ya ndugu na jamaa na mahali walipo: huyu Tabora, yule Mbeya, mwingine popote alipo. Zamani, aliyekwenda mbali kutafuta kazi alipata habari ya kifo cha babaye kwa barua, mazishi yakiwa yamekwisha pita kwa majuma kadhaa. Sasa aliweza kupanda basi usiku ule ule. Matokeo yake yalikuwa makubwa: maziko yakaanza kungojea watu, siku za matanga zikapangwa kwa ratiba ya mabasi, na mchungaji aliyezoea kuzika siku ya pili akaambiwa asubiri wa mbali wafike. Tena, tangazo lilisikiwa na kila mtu. Aliyegombana na nyumba ile alilisikia pia, naye hakuweza kusema kwamba hakuambiwa. Mwaka 1984, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, taifa zima liliingia kwa saa chache katika desturi ile ile ambayo koo zetu zilikuwa zimeizoea kwa miaka mingi.

Serikali, kwa upande wake, iliijua nguvu ya chombo hiki mapema. Mwaka 1965 utangazaji uliwekwa moja kwa moja chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni haikuletwa Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo kwa muda wa miaka karibu 30 redio haikuwa na mshindani. Mtu angetazamia kwamba sauti moja ya serikali, isiyo na mshindani, isingeacha nafasi ya kujibu hata kidogo. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini hapo hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo twaliona kuwa la fahari katika historia yetu ya elimu, yaani kampeni za redio za elimu ya watu wazima: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Mtu ni Afya ilidumu majuma 12. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika chini ya miembe, madarasani na katika baadhi ya mahali kanisani. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kikundi kilisikiliza kipindi, redio ikazimwa, kiongozi akasoma sehemu ya kitabu kilichoandaliwa, kisha watu wakajadiliana jinsi jambo lile lilivyo katika kijiji chao, wakakata shauri la kufanya. Malaria ilizungumzwa, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Kuhara kulizungumzwa, wakachimba vyoo. Twaomba msomaji aangalie neno moja: redio ikazimwa. Kazi yote ya kampeni ilianza pale sauti ya Dar es Salaam iliponyamaza na sauti ya mtu wa kijijini ikaanza. Walioshiriki hawakuwa na uwezo wa kupinga siasa ya nchi, hilo ni kweli. Lakini juu ya kisima chao na choo chao walisema, na yaliyosemwa yakawa kazi.

Kanisa letu nalo lilikuwa na redio yake, kubwa kuliko wengi wa wanafunzi wetu wa leo wanavyofahamu. Tarehe 26 Februari 1963, Mfalme Haile Selassie alizindua mjini Addis Ababa kituo cha Radio Sauti ya Injili, mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wenye nguvu ya kilowati 100. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarekodiwa katika kanda na kupelekwa Addis Ababa ili vitangazwe. Kituo kile kiliweka shabaha ya busara, kwamba mahubiri na ibada vichukue sehemu ndogo, kiasi cha asilimia 30, na sehemu iliyobaki iwe ya habari, elimu, afya na muziki. Waliokilaumu walisema fedha za misheni zinatumika kusoma habari za bei ya kahawa. Sisi twaona kwamba mkulima aliyeambiwa kweli juu ya kahawa alikuwa na sababu ya kusadiki alipoambiwa jambo jingine.

Lakini sauti ile ilitoka mbali. Kujibu kulikuwako, nako kulikuwa kwa barua. Wasikilizaji waliandika, na studio zilijibu; ndilo lililokuwa daraja la pekee. Hapa twatoa maoni yetu wenyewe: viongozi wa Kanisa, huku Afrika na ng'ambo, waliuhangaikia mnara kuliko barua. Mnara ulikuwa na bajeti, mikataba na wageni wa heshima. Kisha tarehe 12 Machi 1977, Serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kituo. Aliyetafuta sauti aliyoizoea alikuta masafa yale yale yakitumika kwa jina la Ethiopia ya mapinduzi. Kazi ya miaka 14 ilipotea kwa siku moja, kwa upande wa mitambo. Kilichobaki ni studio ndogo, kama ile ya Moshi, zenye watu waliojua kuandika kipindi kwa lugha ya wasikilizaji wao. Sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo vya watu binafsi na mashirika, Moshi ilikuwa na watu tayari, na Sauti ya Injili ikasikika tena, safari hii kutoka mjini kwake na si kutoka Addis Ababa.

Mwaka ule ule wa 1993, mwezi Julai, yalianza mambo mawili ambayo mwanahistoria hapaswi kuyatenga. Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kituo cha Dodoma hakikuutangaza hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha mahali paliposikika na mahali pasiposikika. Walikuta tofauti, na walikuta pia kwamba wengi walioathiriwa na mchezo ule walikuwa wameuzungumza na mume, mke au rafiki. Yaani, hata pasipo kikundi cha serikali, watu walijitengenezea kikundi chao.

Nchini Rwanda, mwezi ule ule, ilianza RTLM. Vijana waliipenda kwa muziki wake na mzaha wake. Kuanzia Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, kituo hicho kilichochea kuuawa kwa Watutsi, na kilisoma majina ya watu na kueleza walipo. Anayekumbuka matangazo yetu ya vifo hawezi kulifikiri jambo hili bila kutetemeka: jina la mtu, na mahali alipo, yalisomwa redioni ili awindwe. Wala tusijidanganye kwamba kusikiliza pamoja kunatosha. Waliokaa kwenye vizuizi vya barabarani walisikiliza pamoja, redio moja kwa kundi zima. Tofauti yao na kikundi cha Mtu ni Afya haikuwa idadi ya watu wala chombo. Kwenye kizuizi hapakuwa na mtu wa kuzima redio na kusema, sasa tujadiliane. Aliyethubutu kuuliza aliiweka shingo yake mwenyewe hatarini. Wasikilizaji wale, walio wengi, walikuwa wamebatizwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha, jirani na sisi, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, na rufani ikaamuliwa mwaka 2007. Washtakiwa watatu walipewa vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Hukumu hiyo yastahili kusomwa katika vyuo vya theolojia, si katika vyuo vya sheria peke yake.

Mtume Paulo, katika Warumi 10:17, anaifunga imani na kusikia. Tumelitumia andiko hilo mara nyingi kutetea vipaza sauti na mitambo. Lakini katika Matendo 17 watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuwa walilipokea neno na kisha wakachunguza kama mambo ndivyo yalivyo, naye aliyewahubiri alikuwa Paulo mwenyewe.

Leo redio yenyewe imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwa kila mmoja. Kwa mtazamo wa kwanza, nafasi ya kujibu imeongezeka kupita kiasi: kila mtu aweza kuandika, kupiga picha, kutuma sauti. Katika sharika nyingi mahubiri ya Jumapili huzunguka katika makundi ya simu kabla ya jioni. Hata hivyo baba husikiliza yake kwa vipokea sauti masikioni, na binti yake yake. Yule wa jikoni hatimaye amejichagulia, na hilo twalipokea kwa furaha, lakini hakuna anayejua mwenziwe amesikia nini. Na makundi yenyewe yana mlango. Tangazo la kifo, lililosikiwa zamani na rafiki na adui, sasa hutumwa katika kundi la ukoo, kundi la kwaya na kundi la waliosoma pamoja. Mwana aliye Mwanza au ng'ambo hupata habari katika dakika ile ile. Mjane wa nyumba ya tatu, ambaye hayumo katika kundi lolote, huijua habari anapoona watu wakibeba viti.