Kutoka Mbiu hadi Bango: Historia Fupi ya Istilahi za Matangazo ya Barabarani, kwa Kurejelea Kipsongo, Kitale

Wanaoshughulikia istilahi za matangazo aghalabu huanza na orodha ya maneno ya Kiingereza, kisha wakatafuta kisawe cha kila moja. Makala haya yanafuata njia nyingine. Tunadai kwamba msamiati wa Kiswahili katika uwanja huu una historia yake, na kwamba historia hiyo inapopuuzwa, anayedhurika kwanza ni msomaji wa barabarani. Msomaji tunayemrejelea ni mkazi wa Kipsongo, mtaa wa mabanda mjini Kitale unaojulikana kwa wakazi wake wa jamii ya Waturkana.

Msamiati wa awali ulikuwa wa sikio. Mbiu ni pembe inayopulizwa. Mgambo ni tangazo la mwenye mamlaka. Ndipo wahenga wakasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kunadi nako ni kuita watu kwa sauti, na jamaa zake ni mnadi na mnada. Katika hali hizi zote, aliyeambiwa jambo aliweza kumtambua msemaji.

Maandishi yalileta tatizo jipya, kwani ubao hauna sauti ya mtu. Hapa neno ilani linatufaa kama ushahidi. Katika Kiarabu cha leo asili yake hutumiwa hata kwa matangazo ya biashara. Katika Kiswahili limejitenga, likabaki na onyo, taarifa rasmi na sera za chama cha siasa. Tangazo, kwa upande wake, limebeba kila kitu: kifo, mkutano, sabuni. Kwa mkazi wa mtaa wa mabanda asiye na hatimiliki, tofauti hii si ya kinadharia. Tangazo humwambia anunue. Ilani yaweza kumwambia ahame.

Hapana budi pia kutenganisha chombo na ujumbe. Bango ni chombo. Tangazo ni kinachosemwa juu yake. Tafsiri ya "ubao wa matangazo" haisaidii sana, maana msomaji wa Kenya hufikiria ule wa shuleni au wa ofisi ya chifu. Isitoshe, matangazo mengi ya miji yetu hayana bango hata kidogo, bali yamepakwa ukutani. Kampuni ya simu iliyoanza huduma kwa jina la KenCell mwaka 2000 ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Kwa duka lililovaa rangi za kampuni hiyo, kila jina jipya lilidai rangi mpya, ilhali mwenye duka alibaki yule yule. Ukuta wa namna hii ni matini yenye tabaka, na bado haujapata istilahi yake.

Sheria nayo ina la kutufunza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti udhibiti wa matangazo haya katika kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Tangu mwaka 2013, basi, jukumu hilo mjini Kitale ni la serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia. Lakini tukiyaita "matangazo ya nje," kama tafsiri sisisi inavyotaka, tunazua utata: aliyezoea kusikia "habari za nje" ataelewa kuwa ni ya nchi za kigeni. "Matangazo ya barabarani" yanaeleweka papo hapo, ingawa hayatoshelezi yale ya viwanjani au ya juu ya paa.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba bango libaki chombo, tangazo libaki ujumbe wa kushawishi, na ilani ihifadhiwe kwa amri na onyo. Mgawanyo huu haubuni neno lolote jipya. Unarejesha tu haki aliyokuwa nayo msikilizaji wa mbiu: kujua, kabla ya kutii au kununua, ni nani anayemwita.