Padre Goodwin na Asili ya Picha za Nyumbani

Wengi wetu tumehifadhi picha za wazazi wetu, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa uani au barazani: mama apepeta mchele, watoto wamekaa mkekani. Twaziona kuwa jambo la kawaida. Lakini desturi ya kupiga picha za jamaa katika maisha yao ya kila siku si ya kale sana, na mmoja wa waliofungua njia yake alikuwa padre, ambaye habari zake yafaa zijulikane na walimu.

Kwanza tutazame maneno. Wazee wa pwani walisema sanamu, au taswira. Neno picha limetoka katika Kiingereza, likashika nafasi ya hayo. Sanamu huchongwa na taswira huchorwa, bali picha hupigwa, kama chapa, yaani ni tendo la mara moja.

Walakini hapo mwanzo halikuwa tendo la mara moja. Katika karne ya 19 wapiga picha wengi walitumia vioo vilivyopakwa dawa yenye chumvi za fedha, ambazo hugeuka nyeusi zipatapo nuru. Vioo vilikuwa vizito, tena vyavunjika upesi. Kwa hiyo jamaa walimwendea fundi, wamevaa nguo za sikukuu, wakakaa bila kutikisika. Ndiyo sababu katika picha nyingi za wakati ule twaona nyuso kavu, wala hatuoni jiko, wala kazi, wala michezo ya watoto.

Hannibal Goodwin alikuwa padre wa Kanisa la Episkopali mjini Newark, New Jersey, katika Marekani. Alipenda kuwafundisha watoto habari za Biblia kwa picha za taa, akachoshwa na vioo. Basi akajaribu dawa mbalimbali darini mwa nyumba yake, hata akapata utando mwembamba wa selulosi, mwangavu kama kioo, unaokunjika bila kuvunjika. Tarehe 2 Mei 1887 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, asipewe mpaka tarehe 13 Septemba 1898. Katika muda huo mkemia wa George Eastman alikwisha kupewa hati ya filamu kama hiyo, mwaka 1889, na kampuni ya Eastman ikaiuza.

Eastman ndiye aliyeipeleka kamera majumbani. Kodak yake ya mwaka 1888 iliuzwa kwa dola 25, nayo ilikuwa na nafasi ya picha 100. Mwenyewe aliirudisha nzima Rochester ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, kwa dola 1 tu, iliyokusudiwa hata watoto. Tangu hapo mpiga picha aliweza kuwa mmoja wa jamaa, na jamaa walionekana kama walivyo.

Padre Goodwin hakuyaona matunda ya kazi yake, kwani alifariki tarehe 31 Desemba 1900. Kampuni iliyorithi haki yake iliendelea na kesi, na mwaka 1914 mahakama ya rufani iliamua kwamba haki hiyo ilivunjwa. Eastman akalipa dola milioni 5. Haki ilipatikana, ila mwenyewe alikuwa kaburini.

Tusisahau kwamba filamu nayo hufa. Zile za kwanza huwaka moto upesi mno. Za baadaye, za asetati, hazina hatari hiyo, lakini zikikaa penye joto na unyevu huanza kunuka siki, kisha hujikunja. Tuziweke mahali pakavu penye ubaridi. Tena tuwaulize wazee, maadamu wapo, majina ya watu waliomo, tuyaandike kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha. Maana filamu hutunza sura tu, na jina hutunzwa na anayelikumbuka.