Namba Zilizokosa Pa Kuchorwa

Fungua Desmos kwenye simu uandike y = x² + 1. Utaona bakuli linaelea juu ya mhimili wa x, haligusi popote. Shuleni hapo tuliambiwa hakuna jibu, nenda swali linalofuata. Sasa andika y = x³ − 15x − 4. Hii inakata mhimili mara tatu, safi kabisa, mojawapo ikiwa x = 4.

Ajabu ni kwamba noma ilianzia kwa hiyo ya pili. Mwaka wa 1545 Girolamo Cardano wa Italia alichapisha kanuni ya kutatua milinganyo ya aina hiyo. Ukiipa x³ = 15x + 4, inakutemea kipeuo cha pili cha −121, kitu ambacho watu waliamini hakipo. Na jibu 4 liko wazi: 64 upande huu, 64 upande ule.

Rafael Bombelli, mhandisi wa kukausha vinamasi, hakutoroka. Katika kitabu chake cha 1572 alizipa namba hizo sheria za kujumlisha na kuzidisha kama namba zingine. Akaonyesha kwamba (2 + √−1) ukiizidisha yenyewe mara tatu inakuwa 2 + √−121, na pacha wake mwenye alama ya kutoa vilevile. Jumlisha (2 + √−1) na (2 − √−1): vipande vya ajabu vinafutana, unabaki na 4. Yaani njia ya kufikia jibu halisi ilipita mahali ambapo grafu yako haionyeshi.

Mahali hapo ni wapi? Descartes, mwaka wa 1637, aliziita namba za kuwazia tu, na jina likashika. Aliyezichora ni mpima ardhi, Caspar Wessel, mzaliwa wa Norway. Mwaka wa 1797 makala yake ilisomwa katika akademia ya sayansi ya Denmark: namba za kawaida zilale kwenye mstari, √−1 isimame hatua moja juu, na kuzidisha nayo ni kugeuka robo duara. Wazo la mtu wa ramani kabisa. Ilichapishwa 1799 kwa Kidenmaki, ikalala karibu miaka mia. Argand akatoa wazo hilohilo Paris mwaka wa 1806, kwenye kijitabu kisicho na jina lake, na leo mchoro unaitwa wake. Mimi ningempa Wessel.

Casio fx-7000G ilipotoka 1985, na skrini yake ya nukta 96 kwa 64, ilirithi karatasi ya grafu ya zamani: x moja, y moja. Lakini namba changamano ina vipande viwili ikiingia na viwili ikitoka. Hiyo ni mielekeo minne, na skrini ina miwili. Ndiyo maana programu zingine huamua kupaka rangi: kila nukta inapata rangi kulingana na mwelekeo wa jibu lake.

GeoGebra ina njia rahisi zaidi. Chora x² + 4, kisha andika ComplexRoot(x^2+4). Kitako cha bakuli kiko kwenye 4, ila nukta mbili zinatokea kwenye 2 na −2, mbali na bakuli. Usishangae. Hizo ni karatasi mbili zimewekwa moja juu ya nyingine: wima wa bakuli ni y, wima wa nukta ni wa Wessel.