Wambuti wa Bapere

Wambuti ni wawindaji na wachumaji wa msitu wa Ituri na kingo zake. Baadhi yao wanaishi katika sekta ya Bapere, wilaya ya Lubero, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mji mdogo wa Manguredjipa, magharibi ya Butembo, unajulikana zaidi kwa dhahabu. Majirani zao ni Wapere na Wanande, wakulima.

Kambini, kibanda ni kazi ya mwanamke: hupinda fito, kisha hupanga juu yake majani mapana ya mangongo mpaka mvua isipenye. Kwa makundi yanayowinda kwa nyavu, kila familia huunganisha wavu wake na wa jirani hadi utokee upinde mrefu. Wanawake na watoto hutokea upande wa pili wakipiga makelele, na mboloko, yule paa mdogo wa msituni, hukimbilia mtegoni. Nyama na asali hubadilishwa na wakulima kwa ndizi, mihogo na visu.

Ugomvi wa ardhi na wakulima hao unaanzia katika namna ya kuutumia msitu. Kwa desturi za wakulima, aliyefyeka ndiye mwenye shamba. Mwambuti hafyeki, hivyo alama ya umiliki wake haionekani. Kisha sheria ya nchi ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Wambuti hawakuandikiwa hati yoyote ya ardhi yao, na huo ni udhalimu mkubwa.

Vita vimezidisha dhiki yao. Mwaka 2002 na 2003, huko Mambasa, waasi wa MLC (Harakati ya Ukombozi wa Kongo) na washirika wao waliua raia, Wambuti wakiwemo. Mauaji ya kundi la waasi la ADF, yaliyoanza kuitikisa Beni Oktoba 2014, yalifika Bapere mwaka 2024. Anayekula kutokana na msitu sasa anauogopa.

Hata hivyo, amri ya serikali ya 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu usiozidi hekta 50,000, na Sheria Na. 22/030 ya 15 Julai 2022 inatambua haki za Wambilikimo, Wambuti wakiwemo, kama wenyeji wa asili, ikiwemo haki ya ardhi wanazozitumia. Ili haki hiyo ishike Bapere, wazee wanapaswa kuketi na wapima ramani na kutaja, mto kwa mto, viwanja vya nyavu, miti ya asali na makambi ya zamani, kabla wachimbaji na wapanda kakao hawajaenea zaidi.