Hati ya Kukamata Nchini Kenya na Mahali Inapotunzwa

Hati ya kukamata ni amri ya maandishi ambayo jaji au hakimu humpa ofisa wa polisi ili amlete mtu fulani mahakamani. Nchini Kenya amri za namna hiyo zimetolewa kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini hapajawahi kuwa na daftari moja lililozikusanya zote. Kila hati imebaki kwa mamlaka iliyoitia saini, au imefuata makaratasi ya mamlaka hiyo popote yalipopelekwa. Ndiyo maana anayezitafuta huanza kwa kuuliza nani aliyeamuru mtu akamatwe, kisha ndipo aulizie jina la aliyekamatwa.

Hati hiyo ilifika Kenya kutoka India. Mwaka 1897, miaka miwili baada ya Uingereza kutangaza Himaya ya Afrika Mashariki, iliundwa mahakama Mombasa na sheria za India zikaruhusiwa kutumika, zikiwemo kanuni za mwenendo wa kesi za jinai. Katika ukanda wa pwani, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, maliwali, mamudiri na makadhi waliendelea kuamua mashauri chini ya usimamizi wa Waingereza. Bara mambo yalikuwa tofauti: ofisa wa wilaya alikuwa hakimu, mtoza kodi na msimamizi wa utawala kwa wakati mmoja.

Mwaka 1930 Kenya ilipata kanuni zake za mwenendo wa jinai, ambazo leo ni Sura ya 75 ya Sheria za Kenya. Masharti kuhusu hati yalifuata kwa karibu yale ya India, na hayajabadilika sana. Hati lazima iwe na saini ya jaji au hakimu aliyeitoa na muhuri wa mahakama. Lazima itaje kosa kwa kifupi, imtaje mtu anayetakiwa kwa jina au kwa maelezo yanayomtambulisha, na imwelekeze atakayeitekeleza. Hakimu anaweza kuongeza maneno yanayoruhusu mtu huyo aachiliwe akitoa dhamana, na hapo idadi ya wadhamini, kiasi cha fedha na tarehe ya kufika mahakamani huandikwa papo hapo. Ofisa aliyeagizwa akimkabidhi mwenzake kazi hiyo, jina la mwenzake huandikwa juu ya hati ileile. Hati moja kwa hiyo humwonyesha msomaji kosa, hakimu, polisi waliohusika na masharti ya dhamana. Tena haiishi kwa kupita muda: hudumu hadi itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute, na inaweza kutekelezwa popote nchini.

Waafrika wengi wa enzi ya ukoloni, hata hivyo, walikamatwa bila karatasi ya namna hiyo. Tangu sheria ya mwaka 1902 iliyowatambua wakuu wa vijiji, na hasa ile ya mwaka 1912 iliyopanua mamlaka yao, chifu aliweza kumkamata mtu na kumfikisha barazani. Mashauri hayo yalikwenda kwenye mabaraza ya wenyeji, ambayo baadaye yaliitwa mahakama za Waafrika, hadi sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1967 ilipoyaunganisha na mfumo mmoja wa nchi. Kilichobaki cha kukamatwa huko kinapatikana zaidi katika daftari za mabaraza na ripoti za wilaya.

Kipande kiliongeza njia nyingine. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole na maelezo ya waajiri wake, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma alichokivaa shingoni, huku kumbukumbu za usajili zikitunzwa Nairobi. Mfanyakazi alipotoroka shamba la mlowezi, mwajiri aliripoti nambari, na ofisi ya usajili ikaweza kumtambua popote alipoajiriwa tena. Faharasa hiyo kubwa ya watu ilikuwa ya idara ya serikali, wala haikuwa ya mahakama.

Pengo kubwa kati ya kukamatwa na mahakama lilifunguka usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952. Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari, na polisi na wanajeshi wakaanza kuwakamata viongozi wa kisiasa, Jomo Kenyatta akiwa miongoni mwao. Kenyatta alishtakiwa baadaye huko Kapenguria na kuhukumiwa Aprili 1953, kwa hiyo ana jalada la kesi. Maelfu ya wengine hawakupata kesi. Waliwekwa kizuizini kwa amri za gavana, na mamlaka hayo yalipokasimiwa, kwa amri za maofisa walio chini yake. Katika operesheni ya Aprili 1954 jijini Nairobi watu walizingirwa mtaa kwa mtaa, wakachujwa na kupelekwa kambini. Kwa hesabu za serikali yenyewe, waliokuwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo walizidi 70,000.

Makaratasi ya amri hizo yaligawanyika. Baadhi yalibaki wilayani, mengine yalichomwa uhuru ulipokaribia, na mengine yalisafirishwa kimyakimya hadi Uingereza. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata kambini, wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo ilikiri kuwa inatunza majalada yapatayo 1,500 kutoka Kenya katika jengo lake la Hanslope Park. Kuanzia Aprili 2012 majalada ya makoloni yalifunguliwa kwa awamu katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, chini ya alama FCO 141. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228.

Uhuru haukuondoa kizuizi bila kesi. Kuanzia mwaka 1966 sheria ya usalama wa umma iliipa serikali uwezo wa kumzuilia mtu bila kumshtaki, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alishikiliwa hivyo tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Katiba ya wakati huo ilidai jambo moja linalomfaa mtafiti wa leo: taarifa ya kila aliyezuiliwa ilipaswa kutangazwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 14. Matoleo ya gazeti hilo ni rejista ya wazi ya waliokamatwa bila hakimu, hadi mamlaka hayo yalipofutwa katika mageuzi ya mwaka 1997.

Kwa enzi ya ukoloni, mahali pa kuanzia ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katika jengo la zamani la Bank of India kwenye Barabara ya Moi, Nairobi. Majalada ya wilaya yamepangwa kwa alama: DC/FH ni Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na DC/KBU ni Kiambu. Kwa kuwa ofisa mmoja alihukumu na kutawala, habari za kukamatwa huchanganyika humo na kodi, ardhi na mikutano ya machifu.

Kwa kesi za sasa, hati huwa ndani ya jalada la kesi katika masijala ya mahakama iliyoitoa. Karani huhitaji nambari ya kesi na mwaka, au angalau jina la mshtakiwa na kipindi kinachokisiwa. Hati nyingi hutolewa mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anapokosa kufika siku ya kesi, kwa hiyo mwenendo wa siku hiyo ndio wa kusomwa kwanza. Nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo cha polisi, huonyesha tarehe mtu alipofikishwa kituoni. Cheti cha tabia njema kinachotolewa na idara ya upelelezi huhusu rekodi ya jinai ya mwombaji, wala hakichukui nafasi ya upekuzi wa masijala.

Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba kumbukumbu za umma, ila huzuia zile zinazoweza kukwamisha mwenendo wa haki au kuingilia faragha ya mtu bila sababu. Majalada ya zamani yana hatari nyingine: chini ya Sura ya 14 ya Sheria za Kenya, inayohusu uteketezaji wa kumbukumbu, mahakama zinaweza kuyateketeza baada ya kutangaza nia hiyo katika Gazeti Rasmi. Tangazo hutaja mahakama, aina ya kesi na miaka inayohusika, kwa hiyo jalada lisipopatikana masijala, matangazo hayo ndiyo yanayoweza kueleza kama liliteketezwa au limepotea tu.